Chuo Kikuu Kishuke Machimboni



Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Usemi huo unaifaa sana nchi inayoanzia Shinyanga mjini, ikapita Kahama, ikafika Geita. Ni nchi ya almasi ya Mwadui. Ni nchi ya dhahabu ya Bulyanhulu, Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mpunga. Kila mwaka vijana wa nchi hiyo hurudi nyumbani wakiwa wamehitimu vyuo vikuu. Wamesoma jiolojia, kemia, uhandisi, uhasibu na ushirika. Wengi wao hukaa na vyeti vyao wakingoja barua ya ajira. Wengine hutafuta pikipiki ya kubeba abiria. Wengine huwa madalali, wakinunua hapa na kuuza pale, wala hawaongezi chochote katika mali ya Taifa. Na wakati huohuo, hatua chache kutoka hapo walipo, mchimbaji mdogo anauza mchanga wake bila kujua una dhahabu kiasi gani, kwa sababu hakuna wa kumpimia.

Mazungumzo haya yanahusu swali moja. Chuo kikuu katika nchi inayoendelea kina wajibu gani kwa mwanafunzi wake ambaye anataka kuanzisha shughuli ya uzalishaji kwa mikono na akili yake? Swali hili hujibiwa kwa urahisi mno siku hizi. Kijana huambiwa: jiajiri. Lakini kumwambia kijana ajiajiri bila kumpa nyenzo ni sawa na kumgawia mkulima shamba bila jembe, kisha kumlaumu kwa kuwa magugu yameota. Neno "ujasiriamali" limekuwa kama dawa ya maradhi yote, na dawa ya maradhi yote aghalabu haiponyi hata moja.

MSOMI WA MWADUI

Historia ya Shinyanga ina mfano wa msomi aliyeigeuza elimu yake kuwa shughuli kubwa. Msomi huyo hakuwa mwana wa Shinyanga. Alikuwa John Williamson, mzaliwa wa Kanada, aliyesoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, hadi akapata shahada ya udaktari. Aliitafuta almasi katika nchi ya Ziwa kwa miaka, akiishi maisha magumu na kukopa fedha, na mwaka 1940 akaigundua Mwadui. Mmoja wa waliomsaidia kwa fedha na ushauri alikuwa Iqbal Chopra, mwanasheria wa Mwanza, aliyepata hisa katika kampuni. Williamson alifariki mwaka 1958, naye alikuwa miongoni mwa matajiri mashuhuri wa dunia.

Habari hiyo husimuliwa kama hadithi ya bahati. Ukweli ni kwamba bahati ilikuwa na sehemu yake, lakini haikuwa peke yake. Williamson alikuwa na vitu vitatu: alikuwa na elimu ya miamba aliyopewa na chuo kikuu, alikuwa na mtu wa kumwamini kwa fedha kabla hajaonyesha faida yoyote, na alikuwa mahali penyewe, juu ya ardhi yenyewe, wala hakuwa ofisini maili elfu kutoka hapo. Watu wa Shinyanga walioishi juu ya mwamba uleule vizazi na vizazi hawakuwa na hata kimoja katika vitu hivyo. Wakati huo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikianza na wanafunzi wachache wa sheria.

Basi elimu ilitoka nje, na utajiri nao ukaifuata elimu. Hilo ndilo somo la Mwadui. Mali iliyo ardhini humfuata yule anayejua kuipima.

MIZANI YA PAMBA

Upo mfano wa pili, nao ni wa wenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na manung'uniko makubwa dhidi ya wanunuzi. Mkulima alifikisha pamba yake, mnunuzi akaiweka katika mizani yake mwenyewe, akasoma uzito mwenyewe, akataja malipo mwenyewe. Wakulima hawakuanza kwa kudai viwanda. Walianza kwa kuweka wapimaji wao, ili pamba ipimwe na mtu anayeaminika kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na hatua hiyo ndogo ya kupima vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya wakulima barani Afrika, likamiliki viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Aliyekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo ni Paul Bomani. Naye alipelekwa Uingereza kusoma ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi Mwanza kuitumia elimu hiyo papo hapo. Hakurudi na cheti cha kutafutia kiti. Alirudi kwa watu waliokuwa wakimngoja na kazi iliyokuwa ikimngoja.

Yaliyofuata yanajulikana. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980 vikiwa dhaifu, na vingi vikaelemewa na madeni na uongozi mbovu. Lakini makosa ya baadaye hayaifuti hekima ya mwanzo. Hekima hiyo ni kwamba mnyonge huanza kujikomboa pale anapojua uzito wa mali yake mwenyewe.

SAFARI YA MFUKO MMOJA WA MAWE

Sasa ufuatwe mfuko mmoja wa mawe ya dhahabu kutoka shimoni, ili ionekane pengo la elimu liko wapi.

Mawe hutolewa katika duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, ambalo kuta zake hushikiliwa na magogo yaitwayo matimba. Mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko kwa mafungu waliyokubaliana. Mwenye fungu lake hulipeleka kwenye karasha likasagwe. Unga huoshwa kwa maji juu ya mwalo uliotandikwa vitambaa, na chembe nzito hubaki. Hutiwa zebaki, nayo hushikamana na dhahabu na kufanya donge. Donge huchomwa motoni, zebaki ikageuka mvuke, na mvuke huo ukaingia katika mapafu ya aliyesimama karibu, mara nyingi kijana, na wakati mwingine mama mwenye mtoto mgongoni.

Kwa njia hiyo mchimbaji hupata, mara nyingi, chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo katika mawe yake. Iliyobaki imo katika mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao machimboni huitwa marudio. Je, marudio hayo huenda wapi? Mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusaga, au huuzwa kwa bei ya kukisia. Mwenye mtaji huyakusanya, huyapeleka katika mtambo wenye matangi ya sayanaidi na kaboni, naye huitoa ile dhahabu ambayo zebaki iliishindwa.

Hakuna aliyeiba. Sheria inamruhusu mwenye leseni ya kuchenjua kununua marudio. Lakini aliyechimba kwa jasho, akahatarisha maisha yake chini ya matimba yaliyooza, ameuza kitu asichokijua thamani kwa mtu anayeijua. Hali hiyo ni ileile ya mkulima wa pamba mbele ya mizani ya mnunuzi. Yamepita zaidi ya miaka 70, mali imebadilika, na mizani ingali upande mmoja.

Haki hapana budi itendwe: Serikali imeweka mizani mwishoni mwa safari hiyo. Mwaka 2019 kodi zilizokuwa zikimlemea mchimbaji mdogo katika mauzo yake ziliondolewa, na mwezi Machi mwaka huo soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita, kisha masoko mengine yakafuata nchini. Dhahabu inayofika sokoni hupimwa hadharani na bei yake hujulikana. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini soko hupima dhahabu iliyokwisha kupatikana. Haliwezi kupima ile iliyoachwa katika mchanga wa Rwamgasa. Kipimo hicho kinahitaji maabara, na maabara inahitaji mkemia, na mkemia huyo yupo: ndiye kijana anayengoja barua.

VYUO VINAFANYA NINI

Si kweli kwamba vyuo vikuu vya nchi vimelala. Suala la msomi na kazi ni la zamani katika Tanzania. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, ili ajue jasho la wanaomsomesha. Utaratibu huo uliachwa katika miaka ya 1980, lakini swali lake halikufa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha ubunifu na ujasiriamali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, imelea wabunifu vijana, na tangu mwaka 2019 yapo mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, limekuwapo tangu mwaka 1973. Huko Morogoro, mwaka 2011, wahitimu na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliunda ushirika wa wahitimu wajasiriamali, SUGECO, ambao huwafunza vijana kilimo cha biashara kwa kulima hasa. Mfano wa Morogoro unastahili sifa kwa jambo moja: umewaunganisha vijana badala ya kumwacha kila mmoja apigane peke yake.

Hata hivyo, mtu akiuliza ni msaada gani unaomfikia mhitimu wa jiolojia aliyerudi Katoro, jibu ni fupi. Semina nyingi hufanyika mijini. Mashindano humpa mshindi cheti na zawadi, naye hurudi kwao na chombo kimoja cha mfano ambacho hakuna karakana ya kutengeneza cha pili. Chuo kinachofundisha miamba ya Geita kiko pwani, safari ya siku nzima na zaidi kwa basi. Mwanafunzi huja machimboni kwa wiki chache za mafunzo kwa vitendo, huandika ripoti, ripoti husahihishwa, na huwekwa kabatini. Mwenye duara aliyemwonyesha mwamba haioni ripoti hiyo kamwe.

Zaidi ya hayo, kijana huyo amehitimu akiwa na deni. Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 imewawezesha watoto wa wakulima wasiohesabika kusoma, na deni ni haki lilipwe ili wengine wasome. Lakini benki inapomwangalia kijana mwenye deni, asiye na nyumba wala shamba la kuweka rehani, hufunga daftari. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyotengwa kisheria mwaka 2018 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa tumaini. Mwaka 2023 ilibidi mikopo hiyo isitishwe ili utaratibu wake urekebishwe, ndipo ikarejeshwa. Kilichokosekana katika vikundi vingi si fedha peke yake. Kilikosekana kitu cha kufanya kwa fedha hizo, na mtu wa kusimama karibu akisema: hapa mmekosea, fanyeni hivi.

KUMASI NA PALO ALTO

Yapo mafunzo ya kutolewa kutoka nchi za wengine, maadamu hayaigwi kikasuku.

Katika nchi ya Ghana, mjini Kumasi, kipo chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Kumasi ni nchi ya Waashanti, nchi ya dhahabu kama Geita. Mwaka 1972 chuo hicho kiliunda kituo cha ushauri wa teknolojia. Kituo kilianza kutengeneza boliti na nati chuoni, si kwa ajili ya mtihani bali kwa kuuza, ili ijulikane kama kazi hiyo inalipa. Ilipojulikana kwamba inalipa, kazi ilikabidhiwa kwa mafundi wa mjini. Kisha wakaona kwamba fundi haji chuoni. Anaogopa lango, anaogopa Kiingereza, anaogopa kupoteza siku. Basi mwaka 1980 chuo chenyewe kikaenda kwa fundi: kikafungua karakana katikati ya Suame, mtaa wa maelfu ya mafundi wa magari na vyuma. Fundi aliingia, akajifunza kutumia mashine ya kukereza chuma, akazalisha bidhaa zake humo humo, na alipoweza kujitegemea akapata mashine iliyokwisha kutumika, akalipia polepole. Baadaye Serikali ya Ghana ikaueneza mpango huo katika mikoa mingine.

Mfano wa pili ni wa nchi tajiri, nao hutajwa mara nyingi lakini husimuliwa nusu. Mwaka 1939 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Hewlett na Packard, walianza kazi katika banda la gari huko Palo Alto, Marekani, wakiwa na mtaji wa dola 538. Banda hilo husifiwa sana. Linalosahauliwa ni kwamba nyuma yao alikuwapo mwalimu wao, Frederick Terman, aliyewahimiza, akawatafutia nafasi na kuwajulisha kwa watu. Na mara tu walipotengeneza chombo chao cha kwanza cha kupimia sauti, kampuni ya filamu ya Walt Disney ilinunua vyombo vinane. Hawakufanikiwa kwa semina. Walifanikiwa kwa kuwa walikuwa na mwalimu aliyebaki nao na mteja aliyewalipa.

Kumasi inafundisha mahali. Palo Alto inafundisha mteja. Jambo la tatu, ambalo ni umiliki, linafundishwa na mizani ya pamba ya Ziwa lenyewe.

YANAYOWEZEKANA GEITA NA SHINYANGA

Kwanza, mahali. Vyuo vikuu vinavyofundisha miamba, kemia na uhandisi vifungue milango machimboni. Si lazima yawe majengo ya ghorofa. Yapo tayari ya kuanzia. Huko Lwamgasa na Katente, mkoani Geita, vimejengwa vituo vya mfano vya uchenjuaji chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ambavyo huwaonyesha wachimbaji wadogo namna ya kupata dhahabu zaidi bila zebaki. Kituo kama hicho kikipewa chumba kimoja cha maabara na wahitimu wanne au watano wanaokaa hapo mwaka mzima chini ya mhadhiri wao, kinakuwa Suame ya Geita. Mchimbaji analeta kilo chache za marudio, analipa ada ndogo, anaondoka na karatasi inayosema tani moja ya mchanga huu ina gramu kadhaa. Tangu siku hiyo hauzi tena kwa kukisia.

Kazi nyingine zipo tele. Yupo atakayetengeneza na kuuza chombo cha kunasa mvuke wa zebaki, kwa kuwa Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata na zebaki haina budi ipunguzwe, na kuipunguza kunahitaji mbadala unaopatikana dukani Katoro, si azimio ukutani. Yupo atakayetengeneza vipuri vya karasha. Yupo atakayekagua maduara na kufundisha namna ya kuweka matimba. Kazi hii ya mwisho si ndogo. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi iliyowafunika. Taifa lilishangilia muujiza huo, na ni haki. Lakini nchi yenye wahandisi wa migodi waliokosa kazi haipaswi kutegemea miujiza.

Pili, mteja wa kwanza. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuchimba mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape Watanzania kipaumbele katika bidhaa, huduma na ajira. Kanuni hizo ni mlango, lakini mlango hauingizi mtu asiye na kitu cha kuuza. Kijana mmoja hawezi kujibu zabuni ya mgodi. Hana hesabu zilizokaguliwa, hana ithibati ya ubora, hana mtaji wa kungoja malipo. Chuo kikuu kinaweza kusimama naye: kikapime ubora wa bidhaa yake, kikamwandalie hesabu, kikaketi mezani na mgodi na halmashauri na kusema, kazi hii ndogo wapewe hawa, na chuo kitaisimamia. Chuo chenyewe nacho kiwe mteja. Ni ajabu chuo kufundisha ujasiriamali asubuhi, na mchana kununua madawati, sabuni na mboga kutoka kwa kila mtu isipokuwa wanafunzi wake.

Yafaa pia ukumbukwe mgodi wa Buzwagi, ulioanza mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, kama ule mgodi wa kwanza wa Geita ulivyofungwa mwaka 1966. Mgodi ni mgeni. Una siku yake ya kuondoka. Wenye kubaki ni watu na ujuzi wao. Mji utakaokuwa umejenga karakana na maabara kabla mgodi haujaondoka utabaki mji. Usiokuwa nazo utabaki na shimo.

Tatu, umiliki. Hapa pana hatari ambayo haifai kufichwa. Msomi akipewa maabara, mtambo na mteja, anaweza kugeuka kuwa yeye ndiye mwenye mizani ya upande mmoja. Atajua thamani ya marudio kuliko mchimbaji, na ujuzi huo atautumia kumlalia. Hapo chuo kitakuwa kimetoa mnyonyaji mwenye shahada, naye ni mbaya kuliko asiye nayo. Dawa yake ni ushirika: wahitimu na wachimbaji wawe wanachama wa chombo kimoja, matokeo ya vipimo yabandikwe wazi, na ziada igawanywe kwa kanuni zinazojulikana. Sheria ya madini inazihifadhi leseni ndogo za uchimbaji kwa Watanzania. Kinachotakiwa ni kuihifadhi pia faida ya leseni hizo isivuje.

Kwa kazi hiyo Shinyanga ina silaha yake. Nje kidogo ya mji, Kizumbi, lipo tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, chuo ambacho asili yake ni Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963. Mkemia wa Dar es Salaam anajua kupima dhahabu. Mwanaushirika wa Kizumbi anajua kuandika katiba, kutunza daftari na kuitisha mkutano wa wanachama. Kila mmoja peke yake ni nusu ya mtu. Wakikutana Rwamgasa ni chombo kamili. Wasukuma tangu zamani wanajua kulima kwa kundi, jembe likifuata ngoma, shamba la huyu leo na la yule kesho. Ushirika wa wahitimu haungekuwa jambo geni kwa wazee wa nchi hiyo.

PINGAMIZI

Wapo watakaosema kwamba kazi ya chuo kikuu ni kufundisha na kutafiti, si kufanya biashara. Hoja hiyo ina uzito. Chuo kikigeuka duka, kitapoteza vyote viwili. Lakini maabara ya Lwamgasa si duka. Ni darasa ambalo mtihani wake husahihishwa na mwamba. Mhadhiri atakayepokea sampuli za mwaka mzima kutoka maduara mia atakuwa na utafiti ambao hauwezi kupatikana akiwa Mlimani.

Wengine watasema kwamba shughuli nyingi za vijana hufa. Ni kweli, nyingi zitakufa. Mbegu nyingi za pamba nazo hazioti, na hakuna mkulima wa Maswa aliyeacha kupanda kwa sababu hiyo. La muhimu ni kijana asianguke peke yake na asizikwe na deni. Kwa hiyo kipindi cha kujaribu kiwe na kikomo kinachojulikana, miaka miwili mathalani, mashine zibaki mali ya kituo hadi zilipiwe, na anayeshindwa atoke na ujuzi, si na hati ya kudaiwa.

Na wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Zipo zinazotumika sasa. Zipo za ujasiriamali zinazoishia katika kumbi za mikutano. Zipo zile za halmashauri zinazotafuta vikundi vyenye kazi ya kweli. Upo wajibu wa migodi kisheria wa kupanga huduma kwa jamii pamoja na halmashauri, nao hautimizwi kwa madarasa na visima tu. Kinachopungua ni uamuzi wa kuzielekeza mahali pamoja.

Ndugu wananchi, vizazi viwili vimekwisha kupita tangu wakulima wa Ziwa walipoisimamisha mizani yao wenyewe mbele ya mnunuzi. Hawakungoja wasomi wengi, kwa maana hawakuwapo. Leo wasomi wapo, na wengi ni wajukuu wa wakulima walewale, waliosomeshwa kwa kodi ya pamba ile na jasho la maduara haya. Mchimbaji wa Nyarugusu haombi sadaka ya chuo kikuu. Anaomba kujua kilichomo katika mfuko wake. Kijana aliyehitimu naye haombi kubebwa. Anaomba mahali pa kusimama, mteja wa kwanza, na mwalimu asiyemkimbia siku ya mahafali. Wote wawili wako katika wilaya moja, na huenda katika nyumba moja. Kazi ya chuo kikuu ni kuwakutanisha, na kazi hiyo ianzie Lwamgasa, ambako chumba kimoja, mizani moja na wahitimu watano wanatosha kuianza.